Mkunga Asiye na Mapezi

Ngedere alikuwa mkunga hodari kwao milimani. Alipohamia pwani, akaenda kuomba kibali kwa Mbuzi, karani mjamzito mwenye ubishi wa kuzaliwa nao.

"Mkunga namjua, ni samaki mrefu wa miambani," alisema Mbuzi. "Wewe mapezi yako wapi?"

"Mama, mimi nazalisha."

"Kibali nimeshampa samaki. Kwaheri."

Ngedere hajafika mlangoni, uchungu ukamshika Mbuzi. "Niitieni mkunga!" akapiga kelele. Tarishi Bata akatoka mbio, akarudi na yule samaki ndani ya ndoo.

"Siyo huyo! Yule mwenye mikono!"

Ngedere alikuwa ameshanawa. "Sukuma, mama," alisema kwa upole. "Mapezi nitaleta kesho."

Kibali kilipigwa mhuri kitoto hakijakauka manyoya.