Picha Mbili Kwenye Beseni

Picha yangu ya ndoa ilitoka majini ikiwa nzima. Nilipitisha kidole, tope likateleza, na uso wa marehemu mume wangu ukatokea vilevile, kwa rangi nyeusi na nyeupe, mpaka mkunjo wa kola yake.

"Bibi, babu kapona!" Mjukuu wangu Marieta akacheka. Hakuwa amecheka tangu tope liliposhuka mlimani likafukia nyumba yetu na mama yake ndani. "Sasa tumwoshe mama."

Picha ya mama yake ni ya rangi, alipigwa mjini Katesh mwaka juzi tu, ikachapwa kwa wino wa printa. Hatuna nyingine. Simu yake ilizikwa na tope.

Nikaiweka kwenye beseni, nikaanzia chini, penye sweta ya bluu. Tope likatoka. Bluu nayo ikatoka, ikabaki karatasi nyeupe, na kidole changu kimepakwa rangi.

Nikasimamisha mkono. Uso ulikuwa bado umefunikwa.

"Endelea, Bibi. Hujafika usoni."

"Kitendawili," nikasema.

"Aa, Bibi, si sasa."

"Kitendawili."

"Haya, tega."

"Nikimwosha anaondoka, nikimwacha na uchafu wake anabaki."

 Mtoto akaitazama ile karatasi nyeupe, akakitazama kidole changu. 

"Basi usimwoshe," akasema.

Akaipokea picha kwa mikono miwili, na tope lake vilevile, akaenda kuianika kivulini.