Mavis na Dhoruba Yake

Saa moja asubuhi ya Jumapili, mtaa ukiwa bado umelala, Mavis Ollerenshaw alilipiga teke pipa la taka la jirani yake Clive. Pipa likakataa kuanguka. Akalisukuma kwa mikono miwili, likalala.

Hakuwa na ugomvi na Clive. Clive mwenyewe alikuwa Uhispania akiota jua, na kabla ya kuondoka alimtania kwamba hata akiwa huko macho yake yatakuwa kwenye waridi zake.

Shida ilikuwa jina. Miaka thelathini Mavis alifanya kazi maktaba ya mji, na mpaka leo watu walimwita "yule mama wa vitabu." Ilimuuma. Basi watabiri wa hali ya hewa walipowaomba wananchi majina ya kuzipa dhoruba za mwaka, kama ilivyo desturi yao, akapeleka la kwake. Likakubaliwa. Majina hutolewa kwa mfuatano wa alfabeti, hivyo akangoja kuanzia herufi A, majira yote ya baridi, mpaka zamu ya M ikafika.

Siku tatu redio ikawa Mavis asubuhi, Mavis jioni: Mavis anakuja, Mavis ni hatari, fungeni viti vya bustani. Raha aliyoipata haina mfano. Kisha, Jumamosi jioni, dhoruba ikageukia Norwei bila kudondosha hata jani.

"Mavis kachemsha," dada yake Enid alimwambia asubuhi kwa simu. "Hata nguo zangu kwenye kamba hazikutikisika, mdogo wangu."

"Nyie mko bondeni," akajibu Mavis. "Huku kwetu kumeharibika vibaya."

Akakata simu, akatoka kwenda kuharibu. Baada ya pipa la Clive alipindua viti vitatu na vyungu vya maua, akauegemea uzio wa Bibi Pargeter, jirani wa upande wa pili, mpaka ukalala. Kisha akalipigia simu gazeti la mji, waje wapige picha waone Mavis alichofanya.

Saa sita Clive akapiga simu kutoka Uhispania, anacheka mpaka anakohoa. Kengele mpya ya mlango wake ilikuwa na kamera, na kila kitu alikiona kwenye simu yake. Alishindwa kuifaidi video hiyo peke yake, akawarushia rafiki wawili watatu.

"Nisamehe, Mavis," alisema. "Sikudhani itafika mbali hivi."

Jioni ile nchi nzima ilikuwa ikimtaja Mavis, na safari hii redio ilitaja mpaka Ollerenshaw.