Pijo Lililokataa Kuwaka

Lukresia alitia chumvi kwenye mboga mara mbili, akaacha jiko linafuka moshi, akatoka tena barabarani. Hakuweza kutulia. Kwenye pindo la khanga alikuwa amefunga kitu cheusi, kidogo kuliko kidole gumba, na mkono wake ulikwenda kukipapasa kila mara.

Ilikuwa Jumapili, mwaka 1984. Nusu ya Karatu ilikuwa imejaa mbele ya gereji ya mumewe, Thomasi, ambako magari yalijipanga kwa mbio za kwenda Mbulu na kurudi. La mwisho kwenye mstari liling'aa kuliko yote: Pijo 404, jeupe, lililosukumwa kwa mikono kutoka gereji lisipate vumbi.

Pijo hilo kila mtu alilijua. Mbio zake za kwanza liliishia kwenye tope, likavutwa na ng'ombe. Mbio za pili lilishika nafasi ya tatu, na Thomasi akabebwa juu juu mjini Arusha. Mbio za tatu, mwaka 1972, liliacha njia kwenye mteremko wa Rhotia, likabingirika. Thomasi alitoka na mkono uliovunjika. Msoma ramani wake, Clemensi, mdogo wake Lukresia, alitolewa amekufa.

Kwa miaka mingi gari lililala nyuma ya nyumba, kuku wakitaga kwenye viti. Kisha mpaka wa Kenya ukafunguliwa, vipuri vikaanza kuja kutoka Nairobi, na Thomasi akaondoa turubai. Aligonga paa kutoka ndani mpaka likanyooka. Gia boksi aliifuata Wasso, akarudi nayo kwenye basi ameipakata kama mtoto.

"Unalifufua la nini?" Lukresia alimwuliza.

"Nimechoka kulitazama limelala vile."

Hilo alilielewa. Asichokielewa kilikuja baadaye, gari lilipokaribia kukamilika. Mtoto wao wa pekee, Wilibrodi, dereva wa kuteremsha watalii bondeni Ngorongoro, alijiandikisha kulikimbiza kwenye mbio bila kumwuliza mtu.

"Mkataze," Lukresia alimwambia mumewe.

"Nimkatazeje, Mama Wili? Mimi nilikatazika?"

"Clemensi alikuwa na umri huohuo."

Thomasi alichukua kitambaa, akarudi kusugua boneti. Tangu hapo hakulizungumzia tena jambo hilo, na Lukresia akaona kwamba mumewe amelichagua gari.

Ndiyo maana Jumamosi jioni, Thomasi alipokwenda kanisani kuungama, yeye aliingia gereji. Kuishi na fundi kulikuwa kumemfundisha kidogo: bila rota, injini itazunguka tu, moto haufiki kwenye plagi. Akaing'oa rota, akarudisha kila kitu kama kilivyokuwa.

Sasa bendera ikashuka. Magari mengine yakaondoka moja baada ya jingine, vumbi jekundu likawafunika watu. Wilibrodi akawasha. Injini ikazunguka kwa shida, haikushika moto. Akawasha tena. Vilevile.

"Baba, nifungue boneti?"

"Kaa humo humo! Boneti nafungua mimi!"

Thomasi akainama ndani ya injini kwa muda mrefu, kisha akafunga boneti. "Jaribu."

Injini ikazunguka tu.

"Lisukumeni mpaka Mbulu!" mtu mmoja akapiga kelele, na kicheko kikaenea barabara nzima. Wilibrodi akalaza paji la uso kwenye usukani. Thomasi, aliyetengeneza karibu kila gari lililopita mjini pale, alisimama mikono imelegea, jasho linamtoka.

Lukresia alikuwa amejiandaa kwa hasira ya mumewe. Kwa aibu yake, hakuwa amejiandaa. Akapenya katikati ya watu, akamshika mkono, akamvuta nyuma ya ukuta wa gereji.

"Usihangaike tena, Baba Wili. Ni mimi." Akafungua pindo, akamwonyesha rota. "Nilitaka mtoto wangu abaki. Lakini siwezi kukuona unachekwa hivi. Irudishe. Aende, Mungu atamlinda."

Thomasi aliitazama ile rota, kisha akamtazama mkewe. Lukresia akainamisha kichwa, akisubiri matusi ambayo hajawahi kutukanwa tangu aolewe.

Thomasi akaingiza mkono kwenye mfuko wa ovaroli. Akatoa waya mnene wa koili, ambao bila huo pia moto haufiki kwenye plagi, alioung'oa mwenyewe alfajiri, akauweka kiganjani mwa mkewe.

"Nilidhani ni mimi peke yangu," alisema.