Ukuta wa Ghala

Lydiah alikuwa amebakiza kubonyeza kitufe cha kutuma. Akiwa chumbani kwake Mowlem, mtaa wa Nairobi ambao mvua ikizidi mto huingia majumbani, alikuwa ameandika ripoti kwa familia moja ya Marekani iliyotaka kununua shamba katika kaunti ya mashambani hukohuko kwao, ilime, ifuge na kujiwekea akiba ya siku mbaya. Alikuwa amesoma ramani na picha, akahitimisha kwamba panafaa.

Ndipo akaikuza picha ya ghala la shamba hilo. Karibu na kitasa cha mlango, mstari wa matope ulikata ukuta mweupe, umenyooka kama uliopigwa rula. Ilikuwa alama ya mafuriko. Mtu wa Mowlem hahitaji kuelezwa.

Bosi wake wa kazi za mtandaoni akapiga simu.

“Niaje, Lydiah? Tuma basi, hao watu wanasaini leo.”

“Bosi, hapa maji hufika. Hadi kwa kitasa.”

“Na wewe uko Mowlem, utajuaje ya huko! Hiyo ni rangi tu, bwana. Ama kazi nimpe mwingine?”

“Wako na watoto?”

“Watatu. Sasa hiyo inakuhusu nini?”

Lydiah akakata simu. Akavuta kochi, akaupiga picha mstari wa matope uliokuwa nyuma yake kwenye ukuta wake mwenyewe, kisha akaanza kumwandikia mama wa wale watoto watatu.