Chozi na Nyumba ya Takataka

Bustanini hapakuwa na ndege aliyejipenda kama Chozi. Kifua chekundu, mgongo wa kijani unaometameta, na kabla ya kufyonza ua lolote sharti ajitazame kwenye tone la umande.

Aibu yake ilikuwa moja tu: nyumba. Mkewe, mwenye manyoya ya rangi ya vumbi, aliifuma kwa utando wa buibui, kisha akaining'inizia majani makavu, maganda ya mti na kinyesi cha viwavi.

"Mke wangu, hii nyumba au jalala?" Chozi alilalamika.

"Ndani mna sufi, mume wangu. Wanao wanalala pazuri."

Asubuhi moja akatua Kunguru, mla makinda mashuhuri, mwenye ulimi wa asali.

"Bwana Chozi! Mtanashati kama wewe hukosi jumba. Hebu nionyeshe, nikusifu mji mzima."

Sifa zikamlevya Chozi hata akasahau anaongea na nani. Akainua mdomo aonyeshe, jicho likatua kwenye yale maganda yanayoning'inia juu ya kichwa cha Kunguru. Akaona haya.

"Nyumba sina," akasema.

"Na hili hapa juu?"

"Takataka tu, zimeletwa na upepo."

Kunguru akasonya, akaruka zake.

Mara takataka zikacheka. Mkewe akachungulia mlangoni. "Umenitukania nyumba, baba watoto, na umewaokoa wanao!"

Chozi naye akacheka nusura aanguke tawini. Tangu hapo, akiona kinyesi cha kiwavi hukikimbilia, akampelekea mkewe.

"Tundika na hiki, mke wangu. Nyumba bado inapendeza mno."