Matundu Mawili

Umepanda mara ngapi tramu hii kuukuu ya New Orleans, macho umeyatupa dirishani? Mgongo wa kila kiti una matundu mawili. Humo, enzi za ubaguzi, kilichomekwa kibao cha kuwatenga wazungu mbele, nasi weusi tukae nyuma yake.

Msimamizi wa tramu alimpa fundi Alcide kopo la gundi na unga wa mbao. "Ziba, mzee wangu. Watalii wanatuchosha na maswali."

"Mama alisimama nyuma ya kibao hicho na mimba yangu, viti vya mbele vitupu."

"Ya kale hayo, bwana! Ziba, au kesho usije."

Alcide alitia kidole tunduni. Kingo zilikuwa laini, zimelika kwa kuchomekwa kila siku.

Akafunika kopo, akaketi kiti cha mbele.

Na wewe, panda sasa hivi. Kaa naye.