Mfuko Uliosinyaa

"Geukia ubavu wa kushoto," Daktari Ridha alisema. "Vuta pumzi, uizuie."

Lasaad aligeuka, jeli ikimtiririka ubavuni. Ilikuwa saa tisa alasiri, Ramadhani kumi na saba, mjini Kairuwani. Mwezi huo daktari huwapanga wagonjwa wa nyongo alasiri, maana kipimo chao kinataka tumbo tupu, na mji mzima umefunga. Swali la "umekula?" haliulizwi. Kumuuliza mtu hivyo mchana wa Ramadhani ni kumtukana, tena mbele ya baba yake.

Na baba alikuwepo. Haji Munji, muuza makrudi, keki za tende za kukaanga, alisimama miguuni pa kitanda na kiti alikikataa.

"Mtazame vizuri, daktari. Kila mwaka duka likijaa watu, huyu tumbo linamshika. Miaka thelathini, anadeka kama bibi harusi."

"Baba, nikifuturu tu naumwa mpaka begani," Lasaad alisema. "Na leo tangu daku sijatia hata tone la maji mdomoni, bado naumwa."

"Nani kakuuliza habari za maji?"

Daktari aliendelea kutafuta. Mfuko wa nyongo wa mtu aliyefunga hujaa, ukaonekana kwenye kioo cha mashine ya ultrasound mweusi na mnene kama biringanya. Jiwe likiwemo hung'aa, hutupa kivuli chini yake, na mgonjwa akigeuka nalo hubingirika. Hapa palikuwa na mstari mweupe uliopinda tu, na chini yake giza. Hakuna kilichobingirika.

Mfuko umesinyaa. Na mfuko husinyaa mtu akila. Giza lile litakuwa hewa ya utumbo ulio kazini.

Kumbe ndiyo maana anaitaja daku bila kuulizwa, daktari aliwaza. Aliona haya kama kwamba yeye ndiye aliyefumaniwa. Hakumdharau, nani asiye na lake? Lakini akiandika kwamba mfuko umesinyaa, arudi akiwa na njaa, Haji atataka kusomewa, na mtoto wa watu ataaibika mpaka kaburini.

Akaandika: hakuna mawe. "Njoo tena baada ya Idi," alimnong'oneza.

"Umesikia?" Haji alisema. "Mzima kama ng'ombe. Kesho alfajiri kwenye karai."

Lasaad akashuka kitandani, mkono ubavuni.

Siku tatu nafsi ilimsuta daktari. Kumsitiri mtu ni jema, lakini kumwandikia uongo akarudi motoni na maumivu yake ni jambo jingine. Siku ya nne akaenda dukani, amvute Lasaad pembeni na kumwambia: najua ulikula, si neno, njoo nikupime upya.

Alimkuta Haji peke yake, karai limepoa.

"Yuko hospitali," mzee alisema bila kuinua macho. "Jana alianguka hapo ulipo, macho ya manjano. Wameutoa mfuko. Umejaa mawe pomoni, umeyabana, hata pa kukaa nyongo hapakubaki. Aliyempasua anasema ukijaa hivyo hudanganya kwenye kioo, huonekana kama wa mtu aliyetoka kula."

"Na siku ile... hakuwa amekula?"

"Ale saa ngapi? Tangu daku hatukuachana." Haji alijifuta uso kwa aproni. "Sikulaumu, daktari. Mimi babake ndiye niliyemwita mvivu. Sumu imeingia kwenye damu. Bado hajaamka, na hawaniahidi kitu."

Siku ile walikuwa wanaume watatu chumbani, na mwenye chakula tumboni alikuwa daktari peke yake.